Sehemu 79, daftari moja: tulivyozipa alama sehemu za Star Trek ya zamani hapa Mbeya

Ni kaunta buku ya kwaya mbili, jalada gumu jeusi, mgongo mwekundu. Kila ukurasa una safu nne: tarehe, jina la sehemu, alama, sababu. Kuanzia mwanzo hadi sehemu ya 27 safu ya sababu haipo. Inaanzia sehemu ya 28, na hapo ndipo naweza kusema tulianza kweli kuangalia.

Nina steshenari ndogo mtaa wa Soweto. Jumapili jioni wateja ni wachache, kwa hiyo nafunga mlango wa mbele, nasogeza mashine ya fotokopi ukutani, nawasha projekta ninayokodisha kwa semina. Tulikuwa watano: mimi, binti yangu aliyekuwa kidato cha pili, jirani yetu mwalimu mstaafu wa fizikia, dada mmoja nesi, na mpwa wa yule mwalimu, kijana anayechimba dhahabu Chunya. Huyu kijana alikuwa anakuja akishuka mjini, asiposhuka tunamwekea. Tulianza Mei, baridi ikiwa ndiyo inaingia, watu wanakuja na makoti na chupa za chai ya tangawizi. Tulikuwa tunaangalia sehemu mbili kila Jumapili.

Kwa asiyeijua: ni tamthilia ya Marekani iliyobuniwa na Gene Roddenberry, ikarushwa na kituo cha televisheni cha NBC kuanzia Septemba 1966 hadi Juni 1969. Misimu mitatu, sehemu 79, kila moja kama dakika 50. Chombo chao cha anga kinaitwa Enterprise, nahodha ni Kirk, msaidizi wake ni Spock ambaye baba yake si mtu wa dunia hii, na daktari ni McCoy. Kwenye meza ya mawasiliano anakaa Luteni Uhura. Huyo nitamrudia.

Shida ya kwanza ilikuwa mpangilio. Sehemu ya tatu kurushwa, "Where No Man Has Gone Before", ilitengenezwa kabla ya zile mbili zilizotangulia, mwaka 1965, kama sehemu ya majaribio. Kwa hiyo tukamwona daktari mwingine, sare nyingine, na Uhura hayupo kabisa. Binti yangu akauliza McCoy amefukuzwa kazi lini. Mwalimu akataka turudi tufuate mpangilio wa kutengenezwa, mimi nikashikilia tufuate ule wa kurushwa, maana ndivyo watazamaji wa wakati ule walivyoipokea. Tukapiga kura, nikashinda tatu kwa mbili. Bado naona nilikuwa sahihi.

Shida ya pili ilikuwa heshima. Sisi tumelelewa kwamba mtu mzima akisema, wewe unapunguza sauti. Mwalimu alikuwa akitoa saba, nesi anatoa saba, binti anatoa saba. Ukiangalia ukurasa wa kwanza wa daftari, alama zimesimama mstari mmoja kama wanafunzi asubuhi. Nikachukua vile vipande vinavyobaki kwenye mashine ya kukatia karatasi, kila mtu akawa anaandika alama yake kabla hajafungua mdomo, anakunja, anatia kwenye kopo la kalamu. Jumapili ile ile binti yangu akatoa tatu mahali mwalimu ametoa tisa. Mwalimu alivua miwani, akamtazama, akasema, "Haya mwanangu, nieleze." Akamsikiliza mpaka mwisho. Namshukuru mpaka leo kwa hilo.

Ya tatu ilinigusa mimi mwenyewe. Kiingereza cha mle ni cha haraka, na si wote tulikuwa tunakifuata sawasawa. Nikawa nasimamisha picha, naeleza, kama wale watafsiri wa vibanda umiza. Nilipofika "The Corbomite Maneuver", ambapo Kirk anamdanganya adui kwamba chombo chake kina kitu kitakachomlipukia yeyote atakayekishambulia, niliisimulia kwa moyo wote, na kopo likajaa tisa. Wiki iliyofuata nikapata mafua, sauti imekauka, nikaacha picha zijiendee zenyewe. Alama zikaporomoka. Nilikaa na daftari usiku ule nikaelewa kwamba watu walikuwa wanampa alama msimuliaji. Tangu hapo nikawa naeleza dakika mbili kabla ya kuanza, naweka maandishi chini ya picha, nanyamaza hadi mwisho. Maswali ni baada ya kopo kuzunguka.

Sasa niseme kuhusu "The Devil in the Dark", kwa sababu ndiyo iliyonionyesha hasa mjadala wenyewe ni kitu gani.

Ni hadithi ya mgodi. Kuna kiumbe anayeitwa Horta, anapita ndani ya mwamba kama sisi tunavyopita hewani, naye anaua wachimbaji. Mwishoni inajulikana kwamba yale mawe ya duara ambayo wachimbaji wamekuwa wakiyavunja ni mayai yake. Sisi tukampa jina Mama Mayai, na daftarini sehemu hiyo imeandikwa hivyo. Kijana wa Chunya alikuwa ameshuka siku hiyo. Picha ilipoanza alilalamika: sakafu ya mgodi imenyooka kama ya sebuleni, hakuna magogo ya kushikilia mwamba, hakuna anayekohoa vumbi. Nikajua atatoa mbili. Akatoa kumi.

Mjomba wake, yaani mwalimu, alitoa sita, akasimama kueleza. Horta ametengenezwa kwa silikoni badala ya kaboni. Mwalimu akachora ukutani kwa kidole: silikoni iko chini tu ya kaboni kwenye jedwali, nayo inashika mikono minne vilevile, kwa hiyo aliyetunga hakukurupuka. Lakini kaboni ikiungana na oksijeni inakuwa gesi, tunaitoa puani. Silikoni ikiungana na oksijeni inakuwa mchanga. "Sasa huyu mama anapumuaje? Anatoa mchanga?"

Kijana akajibu polepole. "Mjomba, shikamoo, mimi kemia sijui. Ila nimeshuka shimoni, kwenye duara, nikiwa na miaka kumi na tisa. Kule chini ukisikia kitu usichokijua, unapiga nyundo kwanza. Hakuna anayeuliza. Wale jamaa walipojua ni mama na watoto wake, waliweka silaha chini. Mimi sijawahi kuona picha ambayo mchimbaji anaombwa kusikiliza, akasikiliza." Akaongeza kwamba daktari anapoliziba jeraha la Horta kwa zege, ndipo machozi yalimtoka, kwa sababu ameona mtu akifungwa jeraha kwa kilichokuwepo.

Mwalimu hakubadili sita yake. Sikutaka aibadili. Nilichotaka ni kuyahifadhi maneno yale, na daftari halikuwa na mahali pa kuyaweka. Safu tatu tu. Niliandika "wastani 8" nikaona nimeandika uongo.

Zikapita sehemu mbili, tukafika "The City on the Edge of Forever", ambayo mashabiki wengi duniani huiweka ya kwanza kuliko zote. Ilirushwa Aprili 1967, na mwandishi wake ni Harlan Ellison. McCoy anachanganyikiwa na dawa, anapita kwenye lango la wakati, anatua New York ya miaka ya 1930 na kubadili historia. Kirk na Spock wanamfuata. Huko Kirk anampenda Edith Keeler, mwanamke anayewalisha maskini. Tatizo ni kwamba asipokufa katika ajali, harakati zake za amani zitaichelewesha Marekani kuingia vitani, na Ujerumani itashinda. Gari linakuja. McCoy anakimbilia kumwokoa. Kirk anamshika daktari kwa mikono miwili, anamzuia.

Kopo lilitoa kumi, kumi, tisa, na nne. Tulikuwa wanne siku ile. Ile nne ilikuwa ya nesi.

Hakuinua sauti. Alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa viganja vyote viwili. Alisema, "Mmelia kwa ajili ya Kirk. Mimi nimemwangalia daktari. Hajaelezwa kitu chochote. Anamwona mtu anakufa hatua tano kutoka alipo, na mkubwa wake amemshika. Mimi nimewahi kusimama hivyo wodini, dawa iko mahali, ufunguo hauko." Akanyamaza. Nje mvua ilikuwa imeanza kupiga bati.

Mwalimu akasema kwamba hilo ndilo linaloifanya hadithi iwe kubwa, kwamba inauma. Nesi akamjibu kwamba anajua ni kubwa, lakini yeye hatoi alama kwa kitu kuwa kikubwa, anatoa kwa jinsi kilivyomtendea daktari. Walibishana hadi saa nne usiku. Hakuna aliyeshinda. Kabla ya kulala nilichora mstari kwa rula, nikafungua safu ya nne, na chini ya wastani nikaanza kuandika alama ya juu kabisa na ya chini kabisa, kila moja na sababu yake kwa maneno ya mwenyewe. Sheria ikawa moja: sababu lazima itaje kitu ulichokiona. Huruhusiwi kuandika "nzuri" wala "mbaya".

Sheria hiyo iliokoa msimu wa tatu. Msimu huo ulipatikana baada ya mashabiki kuiandikia NBC barua kwa wingi, wakiongozwa na Bjo Trimble na mume wake John, kisha ukapewa bajeti ndogo na kusogezwa Ijumaa saa nne usiku, saa ambayo vijana wengi wa kule hawako nyumbani. Inaonekana kwenye picha. Inafunguliwa na "Spock's Brain", ambapo watu wanaiba ubongo wa Spock na mwili wake unatembezwa kwa rimoti. Mwalimu alitoa moja. Bila safu ya nne pangekuwa na vicheko tu, twende nyumbani.

Lakini nilisema nitamrudia Uhura.

Jina lake limetokana na "uhuru" letu, likageuzwa herufi ya mwisho. Mwaka 1966 neno hilo lilikuwa bado bichi: sisi tulikuwa na miaka mitano tangu tupate uhuru wetu, Kenya mitatu. Mwalimu alikuwa mtoto wa shule wakati ule, na aliposikia jina hilo kwa mara ya kwanza kwenye ukuta wa steshenari aliomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaomba tena. Kwenye sehemu ya kwanza kabisa kurushwa, "The Man Trap", Uhura anasemezwa Kiswahili na kiumbe aliyejigeuza mwanaume mzuri. Matamshi yake yalitupa kazi, tulisikiliza mara nne, masikio yote yameelekezwa kwenye spika moja. Hata hivyo ni chetu, kwenye televisheni ya Marekani, Septemba 1966.

Halafu "The Changeling", sehemu ya 32. Mashine inayoitwa Nomad inafuta kila kitu kichwani mwa Uhura, anaanza kufundishwa kusoma upya kama mtoto wa chekechea. Anapokwama kwenye neno la Kiingereza, anakasirika, na Kiswahili kinamtoka. Binti yangu alitoa tano: kama vyote vimefutwa, Kiswahili kimebaki wapi? Na inawezekanaje arudi kazini ndani ya wiki? Maswali hayo mashabiki wa nje wameyauliza miaka mingi, yeye aliyafikia mwenyewe. Nilijivuna.

Nesi akamwambia amewahi kumhudumia mzee wa Tukuyu aliyepata kiharusi. Kiswahili chake chote kilikwenda, akabaki na Kinyakyusa cha utotoni. Wakawa wanamtafutia mtu wa kumsemesha. Siku alipopatikana wa kumwambia "ugonile", mzee alishika mkono wake hakuuachia. Binti yangu akaomba karatasi yake irudi. Nikamkatalia, kopo likishazunguka limezunguka, ila nikamruhusu aandike sababu ya pili chini ya ile ya kwanza. Zote mbili zipo, kwa mwandiko wake.

Tulimaliza Machi. Sehemu ya 79 ni "Turnabout Intruder", na ndani yake Uhura hayupo. Kwenye kiti chake amekaa luteni mwingine. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alikuwa amesimulia kwamba alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, Martin Luther King akamwomba abaki kwa sababu ya walichokiona watu weusi wakimtazama pale. Akabaki hadi msimu wa tatu, na picha ya mwisho ikafungwa bila yeye. Hakuna aliyekuwa ametuonya. Tulikaa tukimsubiri aingie mpaka majina yakaanza kupanda.

Kijana alikuwa Chunya, akapiga simu kutaka kujua tumetoa ngapi. Nikamwambia kopo bado. Binti yangu aliandika alama yake, akakunja, akatia, kisha akachukua kalamu na kwenda moja kwa moja kwenye safu ya nne. Ameandika maneno matatu: "Kiti si chake."