Siku moja maishani mwangu: mwonjaji kahawa, Moshi

Saa 11:30 alfajiri nimeamka. Sabuni isiyonukia, uji mtupu, na mafuta ya kunukia sijapaka miaka 9 sasa. Nikaenda kazini kwa miguu, nikizunguka mitaa ya ndani kukwepa stendi na moshi wa mabasi. Watu wanadhani nalipwa kunywa kahawa. Siinywi, naitema. Kazi kubwa inafanywa na pua.

Saa 2 nikasaga sampuli zilizokaangwa jana na kupima gramu 8.25 kwa mililita 150 za maji, vikombe vitano kila sampuli.

Saa 4 maji ya moto yakamiminwa. Baada ya dakika 4 unavunja utando wa juu: unainama hadi pua ikaribie kuugusa, unausukuma kwa kijiko, harufu inapanda mara moja tu, basi. Dakika hiyohiyo jirani akawasha takataka nyuma ya ukuta. Plastiki. Nikaweka kijiko chini. Meza nzima imwagwe.

Katibu wa chama cha msingi cha wakulima, aliyeteremka mlimani kufuatilia kahawa yao, hakuelewa. "Binti yangu, moshi kidogo tu huo. Endelea, nawahi gari."

"Mzee wangu, nikiendelea nitaandika kahawa yenu inanuka moshi. Bei itaanguka bure."

Akanyamaza, kisha akaanza upya. Gari. Wanachama wanasubiri. Mwaka jana haikuwa hivi. Nikamwacha, nikaenda kumwomba jirani azime. Akajibu kila mtu anachoma. Ni kweli, na ndilo linaloniuma. Seli za kunusia ziko juu kabisa ndani ya pua, ncha zake zinaguswa na hewa moja kwa moja, na chembe za moshi zisizofika maikromita 2.5 (maikromita ni milimita moja ikigawanywa mara elfu) zinazifikia. Mwaka 2006 watafiti walilinganisha wakazi wa Jiji la Mexico na wa Tlaxcala, jimbo la nchi hiyohiyo lenye hewa safi zaidi. Waliwanusisha kahawa na kinywaji cha chungwa. Wa jijini walihitaji harufu kali zaidi ndipo waitambue. Kahawa! Tangu niliposoma hayo, kila moto wa takataka nauona unakula mkate wangu.

Tulianza tena mchana, sijui saa ngapi, mgongo unawaka. Kikombe cha tatu cha mzee kikatoa harufu ya limau, safi kabisa. Nikamwita anuse.

Akainama, akavuta pumzi mara mbili. "Sisikii kitu."

"Tangu lini, mzee?"

"Zamani. Nilikuwa utingo wa malori miaka 20. Sasa hata maziwa yakichacha, mpaka mke wangu aniambie."