Jinsi Nilivyorekebisha Marejeo ya Vyanzo vya Pili kwa Kutumia Zotero

Nilipokuwa nikiandika sura ya mapitio ya maandiko katika tasnifu yangu, nilikuwa na mahali kumi na moja ambapo hoja niliyoihitaji ilikuwa ya mwandishi ambaye kazi yake sikuwa nimeisoma, bali nilikuwa nimeikuta imenukuliwa ndani ya kazi ya mwingine. Kwa mtindo wa APA wa kuandika marejeo, toleo la 7, kanuni ni kwamba ndani ya matini hutajwa wote wawili, lakini katika orodha ya marejeo huingia ile kazi iliyosomwa tu. Tuchukue majina ya mfano: ikiwa Juma aliandika mwaka 1978, nami nimeyapata maneno yake kwa Asha wa mwaka 2012, nitaandika (Juma, 1978, kama alivyonukuliwa katika Asha, 2012), na kwenye orodha atakuwamo Asha peke yake.

Mwanzoni nilimsajili Juma katika maktaba yangu ya Zotero, programu ya kuhifadhi marejeo na kuyachomeka kwenye hati, kisha nikawachomeka wote wawili katika mabano mamoja. Kwa kuwa programu huorodhesha kila kazi iliyochomekwa kwenye hati, orodha yangu ilijaa kazi ambazo sijapata hata kuzishika. Msimamizi wangu alipigia mstari mojawapo na kuniuliza hoja ile iko ukurasa wa ngapi, nami sikuwa na jibu. Swali hilo lilinigusa sana, kwa sababu orodha ya marejeo ni ushahidi wa mtafiti kuhusu alichokisoma mwenyewe.

Nikamwondoa Juma, nikaandika jina lake kwa mkono ndani ya mabano yaliyotengenezwa na programu. Programu iliniuliza kama nataka kuhifadhi mabadiliko hayo na kuzuia rejeleo lisisasishwe tena, nami nikakubali bila kutafakari. Wiki kadhaa baadaye nilisahihisha mwaka wa kitabu kimoja katika maktaba. Marejeo mengine yote yalibadilika, lakini yale niliyoyagusa kwa mkono yalibaki na mwaka wa zamani.

Njia iliyonifaa ni hii. Nachomeka kazi ya Asha peke yake, kisha, kabla ya kuthibitisha, nabofya jina lake katika upau wa kuchomekea ili kifunguke kidirisha chenye nafasi ya ukurasa na nafasi ya maneno yanayotangulia rejeleo. Katika nafasi hiyo ya pili naandika «Juma, 1978, kama alivyonukuliwa katika». Iwapo Juma ametajwa tayari katika sentensi yenyewe, jina lake naliacha nje na kuanza na mwaka, ili isomeke: Juma (1978, kama alivyonukuliwa katika Asha, 2012). Rejeleo la namna hii hubaki hai, kwa maana kwamba nikirekebisha taarifa za Asha katika maktaba, mabano nayo hujirekebisha.

Jambo moja lahitaji uangalifu. Maneno yaliyoandikwa katika nafasi hiyo ni matini ya kawaida, na hayafuati mtindo unapobadilishwa. Nilipoigeuza sehemu ya sura kuwa makala yenye tanbihi za mtindo mwingine wa marejeo, Chicago, ambako chanzo asilia na kile kilichosomwa hutajwa vyote kwa ukamilifu ndani ya tanbihi, ilinibidi niyaandike upya yote. Kilichoniokoa ni kwamba kila kazi ya aina ya Asha nilikuwa nimeipa lebo katika maktaba, pamoja na dokezo lenye jina la mwandishi asilia na ukurasa nilipomkuta.

Lebo hizo zilinisaidia pia kuvisaka vyanzo asilia, jambo ambalo nadhani ndilo la kwanza kufanywa, kwani APA yenyewe huruhusu chanzo cha pili kwa uchache tu, kwa mfano pale kazi asilia isipopatikana au ikiwa katika lugha asiyoifahamu mwandishi. Nilivipata vinne kati ya kumi na kimoja. Katika kimoja, mwandishi asilia alikuwa ameandika «mara nyingi», neno ambalo aliyemnukuu alilidondosha, nami nililazimika kuiandika upya aya nzima niliyokuwa nimeijenga juu ya dai lisilokuwa lake.