Racheti Iliyonivunjikia Chini ya Premio

Nilipostaafu jeshi niliapa kutomlipa tena mtu kunibadilishia oili. Gari ninalo, Toyota Premio, kivuli cha mwembe hapa Bombo ninacho, na muda ndio usiseme. Nilichokosa ni vyombo tu, na kwenye vyombo kila mtu ni profesa.

Jirani alinishauri, "Afande, nunua seti kubwa yenye kila kitu, umalize." Nikashuka Kampala, soko la vipuri la Kisekka, nikarudi na boksi la vipande 108 kwa laki mbili na ushee. Liling'aa kama vifungo vya gwaride. Mke wangu akauliza kama nafungua gereji.

Jumamosi nikaingia chini ya gari. Nati ya sampu, ile ya kumwagia oili chini ya injini, ni namba 14, yaani milimita 14. Nikavalisha soketi, kile kikombe cha chuma kinachoivaa nati, nikavuta racheti, mpini wake wenye meno ndani: kimya. Nikachomeka kipande cha bomba la maji kwenye mpini, nikavuta kwa hasira zote za miaka 22 ya utumishi. Kra! Ngumi ikagonga chuma, vidole vitatu vikachunika. Nikafurahi nikidhani nati imeachia, kumbe ni meno ya racheti yamekatika, inazunguka huku na huku kama feni. Na nati yenyewe? Soketi ile, yenye pembe 12 kwa ndani, ilikuwa imeshainyoa, duara kama sarafu ya mia tano.

Ikabidi niite fundi. Alicheka kwanza, kazi baadaye. Akachagua namba 13 ya pembe 12 kutoka boksi langu lile lile, akaigonga kwa nyundo mpaka ikaivaa nati kwa nguvu, kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mzee. Kisha akaleta fimbo yake ndefu ya chuma, isiyo na meno yoyote, akaegemea taratibu. Ngwii! Ikaachia. Kuitoa ile nati ndani ya soketi ndiko kulikotuchukua chai mbili.

Hapo ndipo nilipopata darasa. Nati ngumu hulegezwa kwa fimbo. Racheti ni ya kuzungushia ikishalegea. Na soketi iwe ya pembe 6, maana hushika ubavu wa nati, haikwanguli kona.

Nikaitamani racheti yake ndogo ya inchi 3/8, kipimo cha kichwa kinachoingia kwenye soketi. Ina meno 72, kwa hiyo mkono ukisogea nyuzi 5 tu inashika jino jipya. Yangu ilikuwa na 24, inataka nyuzi 15, na nyuma ya alteneta nafasi hiyo utaipata wapi? Bei yake inakaribia boksi langu zima. Nikasema nitanunua kama hiyo. Akanikata: "Hii inanilisha, afande. Wewe unalishwa na pensheni."

Sikununua. Nilichukua soketi za pembe 6, namba 8, 10, 12, 14, 17 na 19, na 21 ya nati za magurudumu, pamoja na racheti ya bei ya kati na fimbo ya nusu inchi. Yote hayakufika nusu ya gharama ya lile boksi, ambalo zaidi ya vipande 80 bado sijavigusa. Fimbo ndiyo usiibanie pesa.

Juzi fundi alimtuma kijana wake kuja kuiazima hiyo fimbo, yake imepinda. Nilimpa, ila kwanza nikamtilisha sahihi kwenye daftari, kama stoo ya kambini.