Haikuwa mbovu

Harusi ya Mwanaisha imepita, mashine ya boti imekufa na kufufuka, na mie bado niko Jumanne, kwenye maneno ya bibi mmoja wa Kiingereza niliyempeleka Chapwani na wageni wengine.

Mnayajua maelezo ninayowapa wageni kisiwani Chapwani, hapo mbele ya mji wa Unguja, pale kwenye makaburi ya mabaharia wa Kiingereza. HMS Pegasus, manowari ya Waingereza, imetia nanga Unguja inatengenezwa mashine, alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari Königsberg ya Wajerumani ikatokea na kuipiga kwa mbali, mizinga ya Pegasus haifiki. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa. Halafu natia kichekesho changu: Waingereza walituletea mkweche, mbovu kuliko dau la babu yangu. Wageni hucheka.

Yeye hakucheka. "Haikuwa mbovu, mwanangu. Ilikuwa imezeeka."

Babu yake alifanya kazi Jarrow, mji wa kaskazini mwa Uingereza, kwenye kiwanda cha kuunda meli cha Palmers, ndiko Pegasus ilikoshushwa majini mwaka 1897. Alikuwa na miaka 14. Kazi yake kupasha ribiti, pini za chuma za kuungia mabamba ya meli, motoni mpaka ziwe nyekundu, anazishika kwa koleo, anamrushia mwenzake, anatia tunduni, mmoja anazuia kwa ndani, wengine wanagonga kwa nje kabla haijapoa. Alinionyesha kwa mkono mtupu jinsi ya kurusha. Mwaka 1936 kiwanda kishafungwa, wanaume kama 200 wa mji ule wakatembea mpaka London kudai kazi.

"Haikuwa mbovu." Nimeisikia jikoni, nimeisikia nikitia udhu.

Juzi usiku nikapekua, nikapata la kujitetea. Amirali Fisher mwenyewe, mkuu wa jeshi la majini la Uingereza, mwaka 1904, alitaka meli ndogo za zamani ziondolewe: hazina nguvu za kupigana wala mbio za kukimbia. Yeye moyo wake ulikuwa kwenye Dreadnought, manowari kubwa mpya iliyoshushwa Portsmouth Februari 1906. Pegasus ikabaki kuzungushwa bahari za mbali. Wallahi nilifurahi kama niliyeshinda kesi. Nikamsomea mke wangu.

Akauliza, bila kuinua macho kwenye mchele anaopeta: "Sasa huyo Fisher kasema ribiti zililegea?"

Jana nilipeleka wageni sita. Nilipofika pa kichekesho nikakohoa, nikawaonyesha ndege.