Nilivyopata gari la porini na la familia bila kuuza kiwanja

Kila niliyemuuliza alinijibu neno moja: mkonga. "Kaka, chukua mkonga, umemaliza kazi." Sibishi, Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ, lita 4.2 bila tabo, ni chuma. Lakini anayekushauri hivyo halipi yeye. Bei ya mkonga uliochoka inanunua magari mawili na chenji inabaki, na abiria wa vile viti vya ubavuni wakitoka Dodoma hadi Moshi wanashuka migongo imekufa. Mimi nawinda siku nane au kumi kwa mwaka, kwa kibali cha TAWA, mamlaka ya wanyamapori, msimu ukifunguliwa. Siku zote zilizobaki gari linapeleka watoto shule na kubeba mahindi. Kwa hiyo nilitafuta gari la familia linaloweza kuingia porini. Washauri wangu wote walikuwa wananitafutia gari la porini ambalo familia itavumilia.

Kuna na wale wanaoita fowili, yaani gari linalovuta kwa tairi zote nne, kila gari lililoinuka kidogo. RAV4 na X-Trail ni magari mazuri, ila hayana 4L, ile gia nzito. Kwenye tope jepesi hutaona tofauti. Utaiona ukiteremka korongo kavu lenye ukingo mkali, umebeba mzigo: kwenye 4L na gia namba moja gari linajishusha lenyewe polepole, mguu uko mbali na breki. Bila 4L unakanyaga breki, tairi zinaseleleka, unafika chini ubavu-ubavu. Na kupanda upande wa pili ndiko kluchi zinakoungulia.

Basi nikataka vitu vitatu: chesisi (fremu ya chuma chini ya bodi), 4L, na uzito mdogo. Huo uzito watu wanausahau. Kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaonata baada ya mvua, gari la tani mbili likizama linaomba trekta. La kilo 1,400 wanaume watatu na mbao mbili wanalitoa.

Kabla ya kufika huko nilipigwa. Gari la kwanza, ambalo aina yake naificha kwa sababu kosa halikuwa la kiwanda, lilikuwa la dizeli, la miaka ya 90. Dalali aliniita asubuhi, nafika injini inanguruma tayari. "Nimekupashia bosi, usije ukasubiri." Na mimi nikamshukuru! Nikalizungusha mtaani, mshale wa joto katikati, moshi hakuna, nikalipa. Wiki ya tatu, kwenye mlima Sekenke, mshale ukaruka kutoka katikati hadi juu kwa mara moja. Mishale mingi ya magari haya imetengenezwa kukaa katikati hata joto likipanda kiasi, ikianza kusogea umeshachelewa. Fundi alipofungua akakuta hedi, kile kichwa cha injini juu ya silinda, imepasuka kati ya valvu, na rejeta nusu imezibwa na kutu. Mwenye gari alikuwa anaongeza maji ya bomba miaka yote. Hedi ya mkononi, gasketi na ufundi vilinitoka milioni mbili na ushee, kisha nikaliuza kwa hasara nisiyopenda kuitaja mbele ya shemeji zangu.

Tangu hapo sikagui gari lililokwisha kuwashwa. Nafika alfajiri na kitu cha kwanza nagusa boneti. Ikiwa ya moto, naaga. Ikiwa baridi, nafungua kifuniko cha rejeta (kwenye injini baridi tu, ya moto itakuchubua uso). Maji ya kahawia ni kutu, utando wa mafuta juu ni habari mbaya zaidi. Nafunga, injini inawashwa, nashika mpira wa juu wa rejeta. Dakika ya kwanza na ya pili unatakiwa uwe laini, unaminyika. Ukikaza kama tyubu ya baiskeli wakati maji bado baridi, gesi ya silinda inaingia kwenye maji: hedi au gasketi imekwisha. Kwa injini kama 1KZ-TE ya Prado na Surf za zamani, ambayo hedi yake ya aluminiamu inajulikana kwa kupasuka ikichemka, kipimo hiki hakirukwi. Na kwa kuwa 1KZ ina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na kilomita za kwenye dashibodi hurudishwa nyuma kirahisi, hesabu kwamba mkanda haujawahi kubadilishwa. Uweke kwenye bei.

Kifuniko cha oili nakifungua injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka taratibu bila mafuta kukanyagwa. Mvuke kidogo hauna neno. Ikipuliza kwa mapigo, puh puh puh, ringi zimechoka. Chini nalala na nyundo ndogo, nagonga chesisi hasa juu ya eksoli ya nyuma ambako tope hujificha. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama debe lenye unga. Rangi nyeusi mpya chini ya gari la miaka ishirini ni vipodozi. Namba ya chesisi nasugua mpaka nione kila tarakimu inalingana na kadi. Halafu nafungua skrubu ya kujazia oili kwenye difu: ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, gari limevuka mito na maji yameingia.

Gari nililochagua ni Suzuki Escudo ya milango mitano, lile toleo lililoanza mwisho wa miaka ya 90, lita 2.0 ya petroli. Lina chesisi ya ngazi, 4L, eksoli nzima nyuma yenye springi za koili, na injini yake ya J20A inatumia cheni badala ya mkanda. Cheni ikikereza kama mbegu kwenye kibuyu unapoiwasha asubuhi, imelegea kwa kukosa oili safi, mwachie mwenyewe. Nilichukua namba C ya hapa hapa. Kuagiza Japani gari la umri ule ni kujitafutia ushuru wa uchakavu, na ukiingiza mwaka wake kwenye kikokotoo cha TRA utaelewa.

Fowili nilijaribu kwenye changarawe, kamwe si kwenye lami, maana mfumo huu hauna difu ya katikati na kwenye lami kavu unavunja vitu. Weka 4H (tairi nne kwa gia ya kawaida), kata usukani mpaka mwisho, tembea mwendo wa mtu. Gari linatakiwa lijikaze na kurukaruka, kama halitaki kugeuka. Likigeuka kilaini, mbele hakujashika. Langu liligeuka kilaini kabisa, na taa ya 4WD ikawa inakonyeza badala ya kutulia. Muuzaji akanywea. Akasema fundi wake alimwambia difu ya mbele imekufa.

Hapa naomba nijisifu. Kwenye Escudo hizi upande wa mbele huunganishwa na pampu ndogo ya hewa inayosukuma kupitia vimipira vyembamba. Nikazima injini, nikarudisha swichi ya ufunguo, nikaweka 4H na kutega sikio: pampu inalia, zzz, halafu inakata. Kwa hiyo pampu nzima, umeme upo, hewa inavuja njiani. Nikasimama nikatikisa kichwa kama mtu aliyefiwa. "Difu ya mbele, mzee, si mchezo." Laki tisa zikashuka pale pale. Jioni nikapaka povu la sabuni kwenye vimipira, kimoja kikatoa mapovu karibu na kiungo. Mpira mpya haukufika elfu kumi. Taa ikatulia.

Tairi zilizokuja nazo zilikuwa 215/65 R16. Nikaweka 215/70 za kokoto, gari likapanda sentimita moja tu chini ya eksoli, lakini sentimita hiyo ni ubavu wa mpira unaokunja kwenye jiwe badala ya rimu. Spidi inadanganya kwa asilimia tatu hivi, ukiona 80 uko 82. Kwenye mchanga nashusha upepo hadi PSI 18, nikitoka naongeza kwa pampu ya betri. Jeki haina maana bila ubao wa kuikalisha.

Rangi: chukua nyeupe au ya fedha. Mbung'o wanafuata kitu kinachotembea, na rangi ya bluu na nyeusi wanaipenda kupita kiasi. Njia ya Itigi kwenda Rungwa, gari jeusi linabeba kundi lake. Kwa sababu hiyo hiyo kiyoyozi si anasa. Kisipofanya kazi utafungua vioo, na watoto hawatakusindikiza tena maisha yao yote.

Watu wananiuliza nyama inakaa wapi kwenye gari la shule. Pipa la plastiki la lita 200, nimelipasua kwa urefu, kingo nikazichoma laini kwa chuma cha moto. Nusu moja inalala nyuma viti vikikunjwa, chini namwaga maranda ya mbao ndoo moja yanyonye damu, juu turubai, mikanda miwili kwenye pete za sakafu. Swala pala au ngiri anaingia akiwa amekatwa. Nyati usimwazie, huyo kodi pikapu. Damu ikifika chini ya zulia hakuna sabuni itakayokuokoa. Wala usitamani gari la wazi juu eti la kupigia mnyama: sheria ya wanyamapori hairuhusu kumpiga ukiwa ndani ya gari, unashuka na kutembea.

La mwisho ni wavu wa mbu. Julai nyasi bado ndefu, na mbegu zake zinajaza mapezi ya rejeta ndani ya saa mbili. Kipande cha wavu mbele ya grili kinazizuia, unakikung'uta kila mkisimama. Ukishakung'uta, chungulia pia chini kwenye eksozi, maana majani makavu yaliyojikusanya pale huwaka.