Risala ya Kumi na Tano

Novemba 2008, London, nilirudi kwenye duka moja la vitabu vilivyotumika, kitabu kwapani, nimejipanga kudai hela yangu. Kilikuwa juzuu ya pili ya maandiko ya Hermes Trismegistus, mwalimu wa hekima wa hadithi za kale za Misri, toleo la Paris la wasomi Nock na Festugière: Kifaransa kushoto, Kigiriki kulia. Kwenye yaliyomo, baada ya risala ya XIV inakuja ya XVI. XV haipo. Nikaona nimepigwa, nimeuziwa kitabu kilichonyofolewa kurasa.

Mzee mwenye duka hakubisha. Alikilaza chini ya taa, akaniambia nisihangaike na namba za kurasa, kwa sababu katika mfululizo ule kurasa mbili zinazotazamana hupewa namba moja, na anayehesabu hupotea. Tazama mshono, akasema. Kitabu cha aina hii ni karatasi kubwa zilizokunjwa na kushonwa kwa uzi. Ukichana ukurasa, mwenzake wa upande wa pili wa uzi hulegea au huchomoka, na huko ndani katikati hubaki ukingo mwembamba wa karatasi. Akapitisha ukucha kati ya XIV na XVI. Hakuna ukingo. Kisha akaninyooshea kidole kwenye kitu nilichokuwa nimekitazama siku mbili bila kukiona: mikunjo ilikuwa haijakatwa. Kurasa zilikuwa bado zimeshikana kama zilivyotoka kiwandani. Mwizi gani anachana ukurasa ndani ya mkunjo ambao haujafunguliwa?

Aibu ilinishika, lakini swali likabaki palepale. XV iko wapi?

Jibu lake linaanzia Florence. Mwaka 1463 mwanafalsafa Marsilio Ficino aliambiwa na Cosimo de' Medici, tajiri aliyeutawala mji huo, amweke Plato kando kwanza, amtafsirie Hermes upesi. Cosimo alikuwa mzee, na mwaka uliofuata akafariki. Hati ya mkono ya Kigiriki aliyokuwa nayo Ficino iliishia risala ya 14, kwa hiyo kikomo cha kitabu kikawa hapo hapo. Risala nyingine tatu zilikuja baadaye kutoka hati nyingine. Mwaka 1574, kule Bordeaux, mhariri François Foix de Candale alichukua madondoo yaliyohifadhiwa na Stobaeus, mkusanyaji wa kale wa maandiko ya Kigiriki, na kamusi ya Kigiriki iitwayo Suda, akayashona pamoja, akayaita risala ya 15. Wahariri waliofuata waliliondoa rundo hilo kwa kuwa halikuwa risala. Namba za mbele yake hawakuzigusa, maana wasomi walikuwa wamekwisha kuzizoea. Ndiyo maana risala ni 17 na ya mwisho inaitwa XVIII.

Mzee aliongeza onyo ambalo limeniokoa mara nyingi kuliko kitabu chenyewe. Tafsiri ya Kiingereza ya Everard, ya 1650, ambayo huchapwa upya kila siku kwa sababu haina mwenye haki, ina mpangilio mwingine kabisa: Poimandres, ambayo kwa wasomi ni ya I, humo ni kitabu cha pili. Mtu akikuandikia "Hermes, kitabu cha pili" bila kutaja toleo, hujui anasema nini. Andika namba ya risala kwa Kirumi, halafu namba ya kifungu, basi. Namba ya ukurasa ni ya mwenye nakala ile tu.

Kitabu nilikirudisha kwapani. Usiku ule nikakata mikunjo kwa kisu butu cha mezani. Wembe haufai: hauufuati mkunjo, unahama na kuingia kwenye maandishi. Unatia kisu ndani, unakilaza, unasukuma kuelekea nje polepole huku mkono mwingine umeukaza mkunjo. Ukiharakisha, karatasi inaota meno.

Nilianza na XVI, ambamo Asclepius, mwanafunzi wa Hermes, anamwomba mfalme Ammon asiruhusu maneno haya yatiwe Kigiriki, kwani maneno ya Wagiriki ni matupu na yatayaua nguvu ya lugha ya Misri. Ombi lenyewe limeandikwa kwa Kigiriki. (Wapo Waislamu wa kale waliosema Hermes huyu ndiye Nabii Idris, sijui wangeisomaje sehemu hii.) Nikaendelea hadi XVIII, mkunjo wa mwisho kabla ya andiko la Kilatini linaloitwa Asclepius, nikitafuta jina moja. Mwaka 1614, hapo hapo London, msomi Isaac Casaubon alichapisha hoja kwamba maandiko haya hayawezi kuwa ya zama za Musa, kama wengi walivyoamini. Kigiriki chake ni cha baadaye, na tena yanamtaja Phidias, mchongaji wa Athens wa karne ya 5 kabla ya Kristo.

Nilimkuta Phidias kwenye kifungu cha nne, ndani ya karatasi ambayo hakuna aliyekuwa ameifungua kabla yangu.