Vipande vya mlangoni

Juzi mpwa wangu alikuwa akichezea bangili mbili za shaba mezani, akizigonga kwa kijiko. "Mbona hii inalia kwa muda na hii inakatika mara moja?" Niliigeuza ile yenye sauti fupi, nikaona kwa ndani nukta niliyoitia kwa sindano udongo ukiwa bado mbichi. Nukta maana yake ilikaa upande wa mlango wa tanuru. Usiku wote wa Walukuba, mtaa wa Jinja nchini Uganda, ukanirudia, mzee niliyefanya naye kazi akiwa kwenye kigoda mbele ya tanuru iliyozimika, amekataza mtu yeyote asiguse mlango.

Zilikuwa bangili za harusi, na udongo wa shaba, yaani poda ya shaba iliyokandwa kwa gundi na maji ili ifinyangwe kisha ichomwe iwe metali, tuliuchanganya wenyewe. Ule wa kiwandani unapatikana, ila ukiuagiza kutoka nje, nauli na ushuru humaliza faida kabla hujawasha tanuru. Mchanganyiko wenyewe si siri. Poda ya shaba nyekundu gramu 100, laini ya kupita kwenye chekecheo namba 325, yaani chembe zisizozidi maikroni 44. Methili selulosi, ambayo ndiyo gundi yenyewe, gramu 3. Ni ile inayotumika kwenye gundi ya karatasi za ukutani, lakini gundi mara nyingi imetiwa dawa ya kuzuia ukungu, kwa hiyo heri utafute iliyo safi. Vitikise vikiwa vikavu ndani ya chupa yenye kifuniko, na uvae barakoa, kwa sababu poda ya metali haifai kuingia mapafuni. Kisha maji, gramu 15 hivi, tone kwa tone, pamoja na tone la mafuta ya kula ili udongo usigande mikononi.

Mwanzoni utaona kama mchanga uliokataa kushikana. Usiongeze maji. Ufunge kwenye nailoni, uuache mpaka kesho. Methili selulosi hunywa maji polepole, na asubuhi udongo uleule utakandika vizuri. Anayeongeza maji jioni huamka na uji, na udongo wenye maji mengi hunywea kupita kiasi, tena hupasuka ukikauka.

Bangili hatuzichomi zikiwa mviringo. Tunasukuma udongo kuwa ukanda wa unene wa milimita 2, tunaukata sentimita 20, tunauchoma ukiwa umenyooka, kisha tunaukunja ukishakuwa metali. Tukikadiria kunywea kwa asilimia 20, ukanda unatoka na sentimita 16, na hizo zinatosha mkono wa mwanamke na nafasi ya kuingizia. Wapo wanaopinga njia hii kwa kuwa kukunja ni hatari. Mimi naipenda kwa sababu hiyohiyo. Shaba ambayo haikuiva haiwezi kujificha mbele ya nyundo, na ni bora ivunjike kwangu kuliko mkononi mwa bibi harusi.

Kukauka lazima kukamilike. Weka ukanda wenye uvuguvugu juu ya kioo baridi kwa nusu dakika, uuinue. Kioo kikiwa na ukungu, bado kuna maji ndani, na maji yakigeuka mvuke ghafla hupasua kipande.

Hatua ya kwanza ya moto ni kuondoa gundi. Tuliifanya juu ya sigiri, vipande vikiwa juu ya wavu wa stenlesi, joto kama digrii 300. Moshi unatoka, unazidi, unapungua, unakoma. Kipande kinabaki cheusi na dhaifu kuliko wakati wowote mwingine, kwa sababu gundi imeondoka na chembe bado hazijashikana. Usikiguse kwa vidole, telezesha wavu. Wala usikirefushie moto wa wazi, maana shaba inashika oksidi, yaani gamba la kutu yake, na oksidi nene kati ya chembe na chembe ni ukuta.

Hatua ya pili ndiyo yenyewe. Boksi la stenlesi, chini tabaka la sentimita mbili na nusu la mkaa amilifu wa vifuu vya nazi, ule wa punje unaotumika kuchujia maji. Juu yake kanda, zikiachana sentimita moja na nusu, mbali na kuta za boksi. Kisha mkaa tena wa kufunika vizuri, halafu kifuniko kinachokaa bila kubana. Mkaa unakula oksijeni iliyomo na kutoa kaboni monoksidi, na gesi hiyo inaivua shaba oksidi yake. Gesi hiyohiyo inaua mtu, na haina harufu. Ndiyo maana tanuru yetu ilikaa chini ya paa la mabati lisilo na kuta pande mbili, na hakuna aliyeruhusiwa kulala karibu nayo.

Mzee alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyushia shaba hapa Jinja. Migodi ya Kilembe ilianza kuzalisha mwaka 1956, na mzigo ulikuja kwa reli kutoka Kasese mpaka huku ulikokuwa umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Alichokiona kikimwagwa ni shaba yenye malengelenge, safi kwa asilimia 98 au 99 hivi, ambayo gesi ya salfa ikitoka wakati wa kuganda huacha uso wake umefura kama ngozi iliyoungua. Udongo wetu aliukuta uzeeni, akaupenda mara moja. Lakini hakuziamini namba za kidhibiti, kifaa kinachoongoza joto la tanuru.

"Hiyo inasoma hewa," alisema. "Shaba iko ndani ya mkaa, ndani ya chuma. Nani ameiuliza yenyewe?"

Ana haki. Mkaa ni kizuizi kizuri cha joto. Themokapo, yaani waya wa kupimia joto, ikiandika 970, katikati ya boksi panaweza kuwa nyuma kwa makumi ya digrii kwa muda mrefu, na upande wa mlango, ambako matofali yanavujisha joto, huchelewa zaidi. Shaba huyeyuka kwa digrii 1085. Tunaichoma 970 kwa saa tatu ili chembe zishikane bila kuyeyuka, na mshikano huo unategemea joto kwa ukali sana. Chini ya 900 chembe zinasogeleana kwa uvivu. Kwa hiyo tuliweka mashahidi. Chembe mbili za fedha safi zenye kona kali, zilizokatwa kwa mkasi, kila moja ndani ya kikombe kidogo cha mfinyanzi chenye kifuniko, moja nyuma, moja mlangoni. Fedha huyeyuka kwa digrii 962. Ikigeuka kidonge, joto lilifika. Isiguse shaba hata kidogo, kwa sababu fedha na shaba zikigusana huanza kuyeyuka pamoja kwenye digrii 780 tu, na utatoboa kazi yako.

Umeme ulikatika tanuru ikiwa imekaa kwenye 970 kwa zaidi ya saa moja. Kilichotuambia ni swichi ya ndani iliyoacha kugonga, kisha taa za majirani.

Cha kwanza ni kuchomoa tanuru. Umeme ukirudi huja na mshtuko unaoweza kuunguza kidhibiti, na vidhibiti vingine huanza programu upya bila kumuuliza mtu. Kijana mmoja tuliyekuwa naye alitaka tufungue, tutoe boksi, tuokoe vilivyoiva. Mzee akavuta kigoda mpaka mbele ya mlango.

"Mwanangu, ukifungua sasa unaipa hewa. Mkaa utawaka, na shaba yenye moto namna hii itajivika gamba jeusi mpaka ndani. Iache imezikwa."

Akatoa kipima joto chake cha betri, akaingiza waya kwenye tundu la juu. Namba zilishuka mbio, kisha polepole. Umeme ulirudi kabla ya alfajiri, na hapo tukavutana. Mimi nilitaka tuwashe palepale, tuendelee na saa zilizobaki boksi likiwa bado na joto. Mzee alikataa. Mkaa wa juu hupungua kila moto, unageuka majivu, na hatukujua umebaki kiasi gani. Kuwasha juu ya mkaa uliokwisha ni kuchoma shaba hewani. Tukasubiri.

Kifuniko kilipoinuliwa mkaa ulikuwa umeshuka karibu nusu ya ile sehemu ya juu, majivu ya kijivu yakielea ukivuta pumzi tu. Mzee alichimba kwa kijiko cha mbao akianzia nyuma. Ukanda wa kwanza ulitoka na rangi zote, waridi, zambarau, kijani kidogo pembeni. Aliushika kwa ncha mbili za vidole, katikati, akaugonga kwenye fuawe. Ukalia. Sauti ndefu, nyembamba, ikakatika taratibu. Wa pili ukalia. Wa tatu, wa katikati, ukalia kwa sauti ya chini kidogo, naye akauweka kando bila kusema. Tulikuwa tumenyamaza, kijana amezima redio. Alipofika mlangoni akaokota ukanda wenye nukta, akaugonga. Ulitoa mlio wa kigae, tak, basi. Akapitisha ukucha pembeni na vumbi jekundu likamwangukia kiganjani. Kisha akafungua vikombe. Cha nyuma kilikuwa na kidonge cha fedha, mviringo, kinang'aa. Cha mlangoni, chembe ilikuwa na kona zake zote, kali kama ilivyokatwa.

Shaba iliyoiva nusu hairudishwi kwenye udongo, lakini inaweza kuchomwa tena. Tulichekecha mkaa kutoa majivu, tukaongeza mpya, tukageuza boksi ili zenye nukta zikae nyuma, tukaziba mlango kwa blanketi ya nyuzi za kauri, na tukazidisha muda kuwa saa tano. Safari hii umeme ulikaa, na fedha ziliyeyuka zote mbili.

Bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, ilisubiri zamu yake. Haiingii boksi moja na shaba nyekundu, maana kwenye 970 bronzi yenye bati asilimia 10 tayari imeanza kuwa na umajimaji ndani, inalegea na kulala. Yenyewe tunaichoma kwenye 830 hivi, tena kwa kupandisha joto polepole. Ukichanganya mwenyewe poda ya shaba 89 na ya bati 11, jua kwamba bati huyeyuka kwenye digrii 232, linanyonywa na shaba, na pale lilipokuwa panabaki tundu. Mafundi wa magari wanalijua umbo hilo bila kujua, kwa kuwa bushi zinazonyonya oili hutengenezwa hivyo makusudi. Kwa pambo tundu si jambo jema. Poda ambayo chembe yake tayari ni bronzi ina bei zaidi, na ninaona inastahili.

Turudi kwenye bangili. Kabla ya kukunja, kila ukanda ulipashwa mpaka wekundu hafifu wa kuonekana kivulini, ukachovywa majini ili ulainike, ukasafishwa kwa asidi ya limau ya moto na brashi ya waya. Kisha juu ya bomba la chuma, kwa nyundo ya mbao, ukianza ncha na kumalizia katikati. Za nyuma zilikunjika kama waya wa shaba wa kawaida. Zenye nukta zote zilikuwa zimelia baada ya moto wa pili, nyingine kwa sauti fupi, na zikakunjika pia. Isipokuwa moja iliyofika nusu ya mviringo ikavunjika.

Tuliuangalia mvunjiko kwa lenzi. Shaba isiyoiva tu ina mvunjiko wa waridi, wa punjepunje. Shaba iliyoingiliwa na hewa ina wekundu mweusi wa oksidi. Huu ulikuwa na vyote viwili, waridi katikati na ukingo mweusi wa unene wa ukucha kuuzunguka. Mzee alisema ni hewa. Boksi lilipopoa usiku ule gesi ya ndani ilisinyaa, ikavuta hewa kupitia kifuniko, na upande wa mlango ndio uliokuwa na mkaa mchache. Kwa maneno yake, moto wa pili ulikuta ukuta umeshajengwa. Mimi nilisema ni joto, kwamba moto wa kwanza uliziacha zenye nukta mbichi sana hata saa tano hazikutosha kwa ukanda uliokuwa mnene kuliko wenzake. Niliupima, ulizidi kwa karibu nusu milimita.

Moto uliofuata tulikuwa na bangili nyingine za oda hiyohiyo, na hakuna aliyetaka kuzitoa kafara ili kumaliza ubishi. Tukaweka blanketi mlangoni, tukapunguza unene, tukaongeza mkaa, na mzee akapaka ukingo wa kifuniko udongo wa mfinyanzi, akiacha tundu dogo la gesi. Zote zikalia. Yeye anasema ni kifuniko, mimi nasema ni blanketi.